Torger Nesvold, Aliyeukosa Unaibu Gavana kwa Jumapili Moja

Wapendwa waombolezaji, mchungaji wetu Aamodt, majirani wa Vesterlund, na ninyi ndugu wa Nordby ambao leo mmeingia katika kanisa hili kwa mara ya kwanza mkaketi mabenchi ya nyuma kana kwamba mtauhitaji mlango upesi, familia inawasalimu nyote, na inawaomba msogee mbele, jiko la kuota moto liko huku. Marehemu aliagiza kwamba historia yake isizidi muda wa birika la kahawa kuchemka, na kwamba habari za uchaguzi ziachwe, kwa kuwa kila mtu anazijua. Familia imekaa, ikakubaliana kumtii katika maagizo yake yote isipokuwa hayo mawili, kwa sababu habari hizo kila mtu anazijua kwa namna yake, na siku ya kumzika mtu ndiyo siku ya kuziweka sawa. Anayesoma ni binti yake Aslaug, mwalimu, ambaye sauti yake wengi wenu mliisikia mkiwa wadogo mkigombezwa.

Marehemu Torger Nesvold alizaliwa tarehe 14 Mei 1856, katika shamba la Nesvold, bonde la Hallingdal, nchini Norwe, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Halvor Nesvold na mama Birgit, shamba ambalo kwa maelezo yake mwenyewe lilizaa mawe kila mwaka bila kukosa na viazi mwaka mmoja mmoja. Aliyemtangulia kuzaliwa, kwa miaka mitatu, ni kaka yake Gunder, ambaye yuko hapa leo, benchi la kwanza. Walilala kitanda kimoja, walikula bakuli moja, na marehemu hakuvaa kiatu kipya hata siku moja mpaka alipofika Amerika, vyote vilipita kwanza kwenye miguu ya Gunder, na alikuwa akisema kwamba hata alipokuja kuwa mtu mzima mwenye pesa zake, kiatu kipya kilimwuma kwa sababu hakikujua habari za kaka yake.

Kuhusu elimu, marehemu alifundishwa na mwalimu wa kuzunguka, aliyekaa wiki mbili katika kila shamba na kula alichokuta, akapata kipaimara tarehe 1 Oktoba 1871. Kiingereza alijifunza huku, majira ya baridi ya mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa na ndevu zake, ameketi benchi moja na watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu, akisoma habari za paka na mkeka, na mtoto aliyemcheka alikuja baadaye kuwa karani wake kwenye ushirika.

Mwezi Aprili mwaka 1875 ndugu hawa wawili walivuka bahari, wakalaza reli miaka miwili, na tarehe 2 Juni 1877 wakaandikisha viwanja viwili vya ardhi ya serikali vilivyopakana, maili mbili kutoka hapa tulipo. Sheria ilitaka kila mtu alale juu ya ardhi yake mwenyewe, nao fedha za nyumba mbili hawakuwa nazo, basi wakafanya kama walivyofanya wengi, wakajenga nyumba moja ya mabonge ya udongo na nyasi juu kabisa ya mpaka, kitanda cha Gunder kikawa upande wa Gunder, cha Torger upande wa Torger, na jiko likakaa katikati, halina mwenyewe. Katika nyumba hiyo amri ya Jumapili ilikuwa ya Gunder. Kuni zilipasuliwa Jumamosi, viazi vilimenywa Jumamosi, buti zilipakwa mafuta Jumamosi, na Jumapili farasi hakufungwa gari isipokuwa kwenda kanisani na kurudi. Marehemu alikuwa mcha Mungu, lakini alikuwa pia na haraka, na hayo mawili huwa hayakai vizuri katika nyumba ya chumba kimoja.

Jumapili ya tarehe 17 Agosti 1879 ngano yao ya kwanza yenye maana ilikuwa imekatwa, imelala shambani, na upande wa magharibi mbingu ilikuwa nyeusi. Marehemu alisimama mlangoni na uma wa kubebea ngano mkononi. Gunder aliketi juu ya kiti chake, upande wake wa mpaka, Biblia magotini. "Kaka, inakuja," marehemu alisema. "Naiona," Gunder akajibu, na hakunyanyuka. Mvua ikanyesha siku nne, ngano ikachipuka ikiwa imelala, na majira yale ya baridi walikula viazi asubuhi, viazi mchana, na jioni wakakumbuka viazi. Kumbukeni ngano hiyo, kwa maana tutairudia mbele ya jaji.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Mei 1883 na Sunniva Bakkerud, mama yetu, msichana aliyesemekana kuwa na ulimi, na waliosema hivyo hawakukosea. Walijaliwa watoto wanne, Halvor aliyezaliwa mwaka 1884, Aslaug mwaka 1886, Tollef mwaka 1889, na Birgit mwaka 1892, pamoja na wajukuu tisa. Tollef alitutoka kwa dondakoo tarehe 3 Machi 1894, akiwa na umri wa miaka minne na nusu.

Hapa ni lazima litajwe jambo ambalo hatulipendi. Mwaka 1887 usharika wetu, kama sharika nyingine za Wanorwe wa wakati ule, uligawanyika juu ya swali la iwapo Mungu huwateua waokolewao kabla ya kuiona imani yao au baada ya kuiona, swali ambalo hadi leo hakuna aliyerudi kutoka huko kutuletea jibu. Watu walioazimana chumvi wakaacha kuazimana chumvi. Gunder alisimama upande mmoja, marehemu upande wa pili, na mbele ya mkutano mzima marehemu alimwambia kaka yake kwamba dini yake ni ya kuozesha ngano. Gunder alichukua kofia yake akatoka. Aliuza kiwanja chake, akahamia Nordby, maili kumi na moja kaskazini, na siku ya kuondoka aling'oa dirisha lake kutoka upande wake wa ile nyumba ya zamani akaenda nalo. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Tollef alipozikwa, Gunder alikuja, akasimama nje ya uzio wa makaburi, kofia mkononi, katika upepo wa Machi, mpaka bonge la mwisho la udongo lilipowekwa, kisha akapanda gari akarudi kwake. Mama alitaka kumpelekea kahawa, marehemu akasema, "Mwache, akitaka kuingia lango analiona." Majirani nao walinyamaza, wakijua ndugu wakigombana chukua jembe ukalime.

Kwa upande wa kazi, marehemu alilima ardhi yake miaka hamsini na mmoja, akawa katibu wa kitongoji tangu mwaka 1890, akawa miongoni mwa waanzilishi wa ghala letu la ushirika mwaka 1902, na mwaka 1904 akachaguliwa kuwa seneta wa jimbo. Alichokipigania huko ni kitu kimoja, sheria ya mizani, kwamba mizani za maghala makubwa ya nafaka zikaguliwe na mtu asiyelipwa na wenye maghala. Ninyi mliokuwapo mnakumbuka, mtu alipakia gari lake kwa kipimo anachokijua, akifika mjini ngano imepungua njiani bila gunia kutoboka. Mwaka 1909 sheria hiyo ilipigiwa kura katika Seneti, zikalingana sawasawa, na kura ya kuamua, kama katiba yetu inavyosema, ikawa ya Naibu Gavana kwenye kiti cha mbele, naye akasema hapana.

Kabla ya siku ile kiti hicho kilikuwa kichekesho. Watu walisema kazi ya Naibu Gavana ni kuuliza kila asubuhi Gavana ameamkaje, na akiambiwa ameamka salama arudi kulala. Baada ya siku ile hakuna aliyecheka. Wakulima walisema, tumtafute mtu wetu akae pale, na mwaka 1910 wakamteua marehemu. Aliyeshindana naye ni bwana Elwood Crandall, wakili wa wenye maghala, mtu mpole, mwenye mikono safi, aliyeahidi kila kitu isipokuwa mizani. Marehemu alizunguka jimbo zima kwa treni na kwa farasi, akahutubia katika maghala, viwanja vya maonyesho na nyuma ya makanisa, akalala kwenye vitanda vya watu asiowajua, na kila alikosimama aliwaambia watu jambo moja tu, kwamba sheria ile itarudi Seneti, kura zitalingana tena, na aliyekaa kwenye kile kiti ndiye atakayeamua. Mama na mimi hatukuwa na haki ya kupiga kura wakati huo, tulipewa haki ya kukaanga mikate myembamba ya viazi kwa ajili ya waliokuwa nayo.

Uchaguzi ulifanyika Jumanne, tarehe 8 Novemba 1910. Jumatano ikaanza theluji, ikaanguka na kupeperushwa siku nne bila kukoma, waya za simu zikakatika, na taarifa zikawa zinafika moja moja kwa telegrafu ya reli, na nyumbani kwetu hakuna aliyekula akamaliza sahani. Jumamosi jioni theluji ilipokoma, jimbo lote lilikuwa limehesabiwa isipokuwa kituo kimoja. Marehemu alikuwa nyuma kwa kura mia moja na kumi na mbili, na kituo kilichobaki ni Nordby, chenye wapiga kura zaidi ya mia mbili, watu wa kanisa jingine, lakini ngano yao ilipimwa kwenye mizani ile ile. Sheria ya wakati ule ilitaka kila sanduku lifikishwe kwa karani wa kaunti kabla ya adhuhuri ya siku ya tano, na haikuuliza siku ya tano ni siku gani. Mwaka ule ilikuwa Jumapili. Msimamizi wa kituo cha Nordby, aliyekula kiapo cha kulitunza sanduku na kulileta yeye mwenyewe, wala si mtu mwingine, alikuwa Gunder Nesvold.

Alfajiri ya Jumapili mbingu ilikuwa safi kabisa, baridi ya kukata masikio, na kaka yetu Halvor alifunga farasi wawili kwenye gari la kuteleza juu ya theluji akaenda kaskazini. Marehemu alimwambia, "Usimwombe kwa ajili yangu, mwambie tu saa." Halvor alifika Nordby saa nne, ibada imeanza, akamwomba mzee wa kanisa amwitie baba mkubwa, na Gunder akatoka, akasimama kwenye ngazi bila kofia.

"Baba mkubwa, sanduku liko wapi?"

"Nyumbani, jikoni, limefungwa."

"Njia nimeifungua kwa farasi hawa. Tukiondoka sasa hivi tunawahi. Panda tu."

"Kesho," Gunder akasema.

Halvor wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na hasira ya ukoo, akamwambia, "Imeandikwa, ng'ombe wa mtu akitumbukia kisimani siku ya sabato, humtoi?"

"Uchaguzi si ng'ombe," Gunder akajibu, akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Halvor alikaa pale akisikia wakianza ubeti wa pili wa wimbo, ndipo akageuza farasi, na alipoingia Vesterlund na gari tupu watu walikuwa wamejaa mbele ya jengo la kaunti, wamesimama kwenye theluji, marehemu akiwa katikati yao, na saa ya jengo ikaanza kugonga adhuhuri. Marehemu aliwaambia watu waende nyumbani wakale, chakula kinapoa.

Jumatatu, kabla hakujakucha vizuri, Gunder aliwasili na sanduku, peke yake, farasi wametoka povu. Karani alilipokea, akaandika muda lilipofika, akaliweka kwenye chumba cha chuma bila kulifungua.

Sasa tusikilizane vizuri, kwa kuwa hapa ndipo palipozaliwa maneno mengi. Wakili wa marehemu, bwana Fairbairn, alimketisha jikoni kwetu, mama akiwepo, akamweleza kwamba sheria ina milango miwili. Sanduku likichelewa kwa uzembe au kwa udhuru wowote wa msimamizi, limechelewa, kura zimekufa. Lakini ikithibitishwa kwamba msimamizi alilizuia kwa hila, ili kumdhuru mgombea, basi wapiga kura hawaadhibiwi kwa kosa lake, jaji atalifungua na kulihesabu, na msimamizi ataenda gerezani. "Jimbo zima linajua hamjasemezana miaka ishirini na mitatu," wakili alisema. "Seneta, sihitaji ushahidi mwingine. Apa tu kwamba kwa unavyomjua, alifanya kwa chuki."

"Na kama sijui?" marehemu akauliza.

"Unajua anakuchukia."

"Hilo ndilo nisilolijua," marehemu akasema.

Familia inataka hili lieleweke. Marehemu hakuwa na uhakika. Wengi mmedhani alijua kaka yake hana hatia akamficha, wengine mmedhani alijua ana hatia akamsamehe, na yote mawili yangekuwa rahisi kuliko hali aliyokuwa nayo. Kwa mwezi mzima alitembea kutoka zizini hadi nyumbani na kurudi zizini, akipima kichwani mwake maneno ya mwaka 1887, lile dirisha lililong'olewa, na yule mtu aliyesimama nje ya uzio na kofia mkononi, na mizani haikutulia upande wowote. Watu walimjia kila siku. Walimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Walimwambia afikirie mizani, afikirie wakulima wa jimbo zima, afikirie watoto wake, na wote walikuwa na haki ya kusema hivyo. Tulimwogopa, na tuliogopa pia kwa ajili yake.

Kesi ilisikilizwa tarehe 13 Desemba 1910, ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi. Gunder aliitwa kwanza, akaulizwa kwa nini hakuleta sanduku siku ya tano, akajibu, "Ilikuwa Jumapili." Akaulizwa kama ana uadui na ndugu yake, akajibu, "Hatusemezani." Hakuongeza neno la kujitetea, na wakili Fairbairn akatabasamu, kwa kuwa majibu hayo mawili yalitosha kumfunga mtu, ikibaki tu kiapo cha mdogo wake. Ndipo marehemu akapanda, akaweka mkono juu ya kitabu, akaulizwa, kwa unavyomjua ndugu yako, alilizuia sanduku kwa sababu gani. Alimgeukia jaji. Kisha akasema, "Mheshimiwa Jaji, tarehe 17 Agosti 1879 kaka yangu aliacha ngano yake ioze na yangu ioze, kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Kama hii ni hila, aliianza miaka thelathini na moja iliyopita, na aliianza kwa tumbo lake mwenyewe. Zaidi ya hapo sijui, na nisilolijua siliapii."

Sanduku halikufunguliwa. Lilikaa katika chumba cha chuma muda uliowekwa na sheria, kisha likachomwa moto kama lilivyokuwa, kwa hiyo anayesema marehemu angeshinda anabahatisha, na anayesema angeshindwa anabahatisha vilevile. Gunder alitoka ukumbini akapita karibu na ndugu yake umbali wa mkono, hakumtazama, hakumshukuru.

Bwana Crandall aliapishwa Januari 1911. Mwezi Machi sheria ya mizani ilirudi Seneti, kura zikalingana, kama marehemu alivyowaambia watu katika kila kituo cha treni, na Naibu Gavana akasema hapana. Mwaka huo mashine ya kupura, ambayo kwa desturi yetu huzunguka kutoka shamba hadi shamba na majirani wote nyuma yake, ilipita lango letu ikatuacha wa mwisho, na mvua ikatukuta. Hatutaji majina, wenye majina wapo. Mama alikuwa na hasira kuliko wote, akamwambia mbele yetu sisi watoto, "Torger, ukweli wako huo unachemshwa au unakaangwa? Niambie niubandike jikoni, watu wanataka kula." Marehemu akajibu kwamba viazi vipo, na mtu aliyewahi kula viazi kwa ajili ya Jumapili ya Gunder anaweza kula tena. Mama alitoka akaenda kukamua ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kukamuliwa.

Sheria ya mizani ilipita hatimaye mwaka 1915, kwa kura nyingi, bila kuhitaji kura ya mtu wa kiti cha mbele, na marehemu alienda kuiona mizani ya kwanza ikikaguliwa hapa Vesterlund, akaipanda yeye mwenyewe, akasema amepungua njiani. Wengi wenu mlirudi kwake baada ya hapo. Yeye hakuwa na kinyongo, mama alikuwa nacho kidogo, akakaa nacho mpaka alipotutangulia tarehe 9 Septemba 1922. Lakini lile swali halikumtoka marehemu. Kila Jumapili baada ya kahawa alikaa kwenye dirisha la kaskazini, na ukimwuliza anatazama nini alisema anatazama hali ya hewa.

Ugonjwa ulimwanza mwezi Oktoba 1928, moyo ukachoka, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na baada ya Krismasi hakutoka tena kitandani. Halvor aliandika Nordby mara mbili bila kumwambia. Hakukuja jibu. Mwezi Februari theluji ikafunga barabara, magari ya injini yakazama, na Jumamosi ya tarehe 9 daktari Lindqvist alitwambia kwamba wenye kuaga waage.

Jumapili, tarehe 10 Februari 1929, yaliyotukia Nordby tumeelezwa na ninyi wenyewe mlioyaona, na tunawashukuru kwa kutuambia. Kengele ya ibada ilikuwa inagonga, watu wanaingia, ndipo gari la kuteleza la mzee Gunder lilipotokea, farasi wamefungwa, yeye mwenye umri wa miaka sabini na mitano amevaa ngozi ya kondoo, naye hakugeuka kuingia kanisani, alipita mlango wa kanisa akashika njia ya kusini. Watu walisimama kwenye ngazi. Mzee wa kanisa akapaza sauti, "Gunder! Leo ni Jumapili!" Naye, bila kusimamisha farasi, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kinanda, "Ng'ombe ametumbukia kisimani!"

Alifika kwetu adhuhuri. Halvor alipomfungulia mlango, wote wawili walisimama kidogo wakitazamana, kisha Halvor akampokea hatamu. Gunder aliingia chumbani na buti zake zenye theluji, akaketi ukingoni mwa kitanda, kwa kuwa kiti hakukiona au hakukitaka.

"Torger."

"Kaka," marehemu akasema, na lilikuwa neno la kwanza baina yao kwa miaka arobaini na miwili. Alimtazama sana. "Leo siku gani?"

"Jumapili."

"Umekuja na farasi?"

"Na farasi."

Marehemu alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuweza kuendelea. "Basi ile ya mwaka 1910, ilikuwa kwa ajili ya Jumapili kweli?"

"Ilikuwa Jumapili kweli," Gunder akasema. "Lile lilikuwa sanduku. Nilikuwa nakuchukia pia, sikatai, nimekuchukia siku sita za juma. Lakini siku ile ilikuwa Jumapili."

"Ulinipigia kura?"

"Kura ni siri."

Halvor, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyemweleza marehemu yale yaliyosemwa mbele ya kanisa la Nordby, kwa kuwa Gunder alikuwa amemwambia pale nje, kwa aibu, akifungua farasi. Marehemu akacheka, kicheko ambacho kilimgharimu, tukamwinua kwenye mto, na alipopata pumzi akasema, "Miaka yote hii, kaka, ningejua mimi ni ng'ombe, ningetumbukia mapema." Gunder akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti, mzee yule. Hakurudi Nordby. Alilala kwenye kitanda kilichoongezwa pembeni, na Jumanne tarehe 12 Februari, saa tatu asubuhi, marehemu alifariki dunia, kaka yake akiwa amemshika mguu, kwa kuwa ulikuwa wa baridi.

Familia inamshukuru daktari Lindqvist, ambaye ingawa ni Mswidi alikuja kila alipoitwa. Inawashukuru majirani waliochoma majani makavu siku mbili ili ardhi ilainike kuchimbika, waendeshaji wa mashine ya kupura, wafanyakazi wa ghala la ushirika, maseneta waliokuja kwa treni, akina mama wenye kahawa huko chini, na ndugu wa Nordby, ambao naona bado mko nyuma. Baada ya mazishi familia itakwenda kwenye ile nyumba ya zamani ya mpakani, iliyobaki kuta tu, kwa sababu mzee Gunder amekuja na kitu ndani ya gari lake, kimefungwa kwa blanketi, amekitunza ghalani kwake tangu mwaka 1887, vioo vyake vyote vizima, na anasema anataka kukirudisha mahali pake kabla giza halijaingia.

Pumzika kwa amani, Torger Nesvold. Leo ni Jumamosi, kazi inaruhusiwa.